Pesa inatosha kifaa kimoja tu: spaiki au kamba?

Kijana wa Njoro

Habari zenu wakubwa. Nina miaka 24 na huu ni mwaka wa pili napanda miti kwa kazi. Mingi ni mukima (grevilea) ya mipakani mwa mashamba na saiprasi za mashuleni, mara moja moja naitwa kupogoa jakaranda Milimani, pale Nakuru mjini. Vifaa vyangu ni panga, msumeno wa mkono na kamba ya manila ya hadiwea. Kamba naifunga kiunoni, naizungusha kwenye shina, napanda.

Juzi nimepata mshipi wa kupandia kwenye mitumba. Kwa macho ni mzima, una kitanzi kimoja mbele. Sasa nina akiba kidogo. Rafiki yangu anasema ninunue spaiki za miguu, zile chuma zenye ncha za kukanyagia shina, nitamaliza miti mitatu kwa siku. Mwingine anasema kamba kwanza. Mama yangu kila nikitoka asubuhi ananiuliza mti wa leo una urefu gani, na mimi humpunguzia. Nisaidieni.

Fundi Miti Kisumu

Kamba, kijana wangu. Nimesoma hiyo habari ya manila nikaweka chai chini.

Manila yenyewe ilikuwa nyuzi za mmea wa Ufilipino. Tunayouziwa hadiwea kwa jina hilo, ile ya bluu au manjano, ni plastiki. Aina ya polipropilini inayeyuka karibu na nyuzijoto 160, wakati nailoni na poliesta zinavuka 200. Ukishuka na fundo likiteleza juu ya kamba, msuguano unazaa joto hapo hapo kwenye fundo. Mwaka wangu wa kwanza nilishuka hivyo kwenye mwembe Mamboleo. Nilipokanyaga chini fundo lilikuwa limeganda, linang'aa kama nta iliyomwagika. Nikalikunja kwa vidole viwili, likavunjika kama bua kavu. Nilikaa chini ya ule mwembe mpaka mwenye boma akaja kuuliza kama ninaumwa.

Kamba ya kupandia ina moyo ndani na ala nje. Tafuta iliyoandikwa EN 1891 aina A (EN ni alama ya viwango vya Ulaya), unene wa milimita 11 hadi 13. Maana yake imepimwa ikahimili kilonewtoni 22, zaidi ya tani mbili. Utasema mimi nina kilo 65 tu, lakini fundo linaipunguza nguvu, jua linaipunguza, gome linaikwaruza kila siku. Yangu naipitisha mkononi jioni, mita kwa mita, macho nimefumba. Nikigusa mahali pamelegea au pamevimba, siipandii tena.

Mshipi wenye kitanzi kimoja mbele huenda ni wa wapanda miamba. Soma lebo ya ndani: EN 12277 ni ya miamba, ya kazi yetu ni EN 813 na EN 358, na huwa na pete ubavuni za kufungia kamba fupi inayozunguka shina. Angalia na mwaka uliotengenezwa, maana watengenezaji wengi hawaruhusu kitambaa cha mshipi kipite miaka kumi hata kama kililala kabatini. Na cha mitumba hujui kililala wapi. Asidi ya betri inakula nailoni na kwa macho huoni kitu.

Spaiki ni za mti unaoangushwa, basi. Kila hatua inatoboa gome hadi kwenye ngozi hai ya mti, na mti hauponi kama mtu. Unaliziba tu lile jeraha, ukichelewa kuvu inaingia. Jakaranda ya mteja ukiipogolea kwa spaiki umeipigia mstari wa matundu kutoka chini hadi juu. Inaniuma sana nikikuta mti wa namna hiyo.

Jambo la mwisho. Nilikuwa juu ya blugamu karibu na Sabatia, nyumba iko chini, kwa hiyo naukata vipande kutoka kileleni. Kamba kubwa ilikuwa imekaba shina chini ya magoti yangu na kamba fupi imenishika kiunoni. Powasoo, msumeno wa injini, iligonga kifundo, ikaruka, ikashuka kwenye kamba fupi. Sikusikia kitu. Niliona ncha mbili nyeupe zimefumuka kama pamba, nikaanguka kiasi cha mkono mmoja, kamba kubwa ikanidaka. Mzee aliyenifundisha hakuniruhusu kamwe kuwasha powasoo kabla hajasikia nikihesabu kwa sauti kamba zinazonishika: moja, mbili. Siku ile nilikuwa nimehesabu. Sasa kamba yangu fupi ina waya wa chuma ndani.

Powasoo Eldoret

Kwa heshima, Fundi, mimi nimepanda na manila miaka 15 na niko hai. Vifaa hivyo vinaagizwa ng'ambo. Mteja wa kijijini anakulipa elfu mbili na kuni juu, halafu unamwambia kijana anunue kamba ya Ulaya? Atakula nini? Kwa spaiki nakubaliana nawe, nimeona miti ikioza. Ila tusiwafungie vijana mlango.

Mama Miche, Kakamega

Mimi sipandi, nauza miche. Mume wangu ndiye alikuwa akipanda. Tawi lilimpiga begani akabaki ananing'inia kwenye mshipi, na wale vijana wawili waliokuwa chini hakuna aliyejua kupanda. Walikuwa wanamwita jina tu. Mtu akining'inia bila kusogea damu inabaki miguuni, anaweza kuzimia kwa dakika chache. Walimfikia kwa ngazi ya jirani. Yuko hai, bega halijarudi.

Waliompa kazi walisema ni kibarua wa siku moja, hana mkataba. Sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini ya 2007 inamtaka mwajiri awe na bima, lakini sisi hatukuwa na hata karatasi moja ya kuonyesha. Kijana, kabla ya kamba na spaiki, uliza nani yuko chini na anaweza kukufikia. Halafu andikianeni, hata kwenye simu.

Fundi Miti Kisumu

Mama, pole sana. Mwambie mzee namsalimu. Nilipaswa kuanza na hilo lako.

Ndugu wa Eldoret, sikatai bei inauma. Ile yangu ya kwanza tulichanga watu watatu, tukawa tunapanda kwa zamu, mmoja juu na wawili chini wanaojua kumfuata. Kazi ya elfu mbili chini ya waya za stima mimi siichukui hata kwa elfu ishirini. Mti mbichi unapitisha umeme, na waya za volti 11,000 hazingoji uziguse. Kenya Power wakate kwanza.

Kijana wa Njoro

Asanteni, na Mama Miche pole. Nimeamua kamba. Nina binamu anayeweza kuchanga nusu. Fundi, nikishaipata naifunga wapi? Mukima yetu haina matawi manene.

Fundi Miti Kisumu

Mukima inavunjika kirahisi pandani, pale tawi linapoachana na shina, usiamini panda yake. Rusha uzi wenye kifuko cha mchanga, uvute kamba ipite juu ya tawi lakini ikumbatie na shina kuu. Kabla hujapanda, wewe na binamu ning'inieni wote wawili mkiwa chini, mruke ruke, msikilize. Ukisikia mlio, tafuta mahali pengine.

Fundo jifunze la Blake: mizunguko minne kwenda juu, ncha inarudi chini, inapita nyuma ya kamba na kutokea ndani ya mizunguko miwili ya chini. Kwenye ncha funga fundo la nane ili isichomoke. Fanya hivyo nusu mita kutoka ardhini, wiki nzima, binamu naye afanye. Powasoo usiiguse bado, msumeno wa mkono unatosha.

Na ile lebo ya mshipi ipige picha uiweke hapa. Usiuvae hadi tuione.