Makocha wa jimu Arusha na Moshi: mteja wako alipotaka kupanda jukwaani, ilikuwaje? Tupeane uzoefu

KochaSakina
Wakuu, habari za saa hizi. Nafundisha mazoezi jimu moja huku Sakina, Arusha. Wateja wangu ni watu wa kawaida tu: mama anataka tumbo lipungue kabla ya harusi ya mdogo wake, mzee kaambiwa sukari imepanda, vijana wa utalii wanatafuta pumzi. Sasa mmoja wao, mhasibu, ananiambia anataka kushindana kutunisha misuli. Nilidhani utani. Kumbe ameshachagua na kundi, lile la kaptura ya ufukweni ambalo mapaja hayahukumiwi, na jioni anapiga pozi mbele ya kioo mpaka wamama wa zumba wanasahau hatua.

Mwili anao. Mabega mapana, kiuno chembamba, nidhamu ananizidi hata mimi. Ananionyesha picha za Big Ramy wa Misri aliyechukua Mr. Olympia, taji kubwa kabisa la mchezo huu, 2020 na 2021, na Samson Dauda mwenye asili ya Nigeria aliyechukua 2024. Anasema, "Kocha, Waafrika wanaweza."

Ninachowaza ni hiki: mimi sijawahi kupanda jukwaani, na kumpunguza mtu kitambi ni kazi tofauti kabisa na kumkausha mpaka mishipa ya tumbo ionekane. Wa kitambi unamsogeza kwenye afya. Huyu unamtoa kwenye afya kwa makusudi, halafu uweze kumrudisha. Mliowahi kusimama pembeni ya mtu wa hivi, na mlioshindana wenyewe, semeni. Mlibaki naye? Mlimkabidhi kwa mwingine? Mlimkataza?

MangiVyuma
Mkuu, niko Moshi. Wangu alikuwa mpagazi wa mlimani, sasa ni msaidizi wa muongoza wageni. Mwili wa kuzaliwa nao, miguu ya ngazi. Kilichotusumbua ni kalenda. Msimu mkubwa wa wageni ni Juni hadi Oktoba, na mashindano yalikuwa mwishoni mwa mwaka, kwa hiyo maandalizi yakaangukia palepale kwenye pesa. Huwezi kumwambia mtu mwenye watoto aache safari ili akauke vizuri.

Njia ya Machame ni siku sita au saba. Ukivuka mita 4,000 hamu ya chakula inakimbia, usingizi wa mang'amung'amu, na mgongoni mzigo wa wageni unaoruhusiwa kufika kilo 20, ukiacha vitu vyake mwenyewe. Anashuka amepungua kweli, ila kilichopungua siyo mafuta peke yake. Nikageuza mpango: akiwa mlimani hakuna kupunguza chakula hata kidogo, anakula kila anachoweza kumeza. Akishuka anapumzika kwanza, vyuma baadaye, na kupunguza tunapunguza akiwa mjini tu. Alikuwa anapanda na karanga na dagaa wa kukaanga kwenye kopo, wenzake wakamwita mama lishe.

Halafu hesabu ya protini, maana hapa vijana wengi wanadanganywa wanunue makopo ya unga. Alikuwa na kilo 78. Ukichukua gramu 2 kwa kila kilo unapata gramu 156 kwa siku. Yai moja lina kama gramu 6, kwa hiyo kwa mayai peke yake ni 26, karibu trei nzima kila siku. Nani ataweza? Tukachanganya: mayai machache, perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu, dagaa, maharage, maziwa mgando. Ndizi hakuacha. Umwambie Mchaga aache ndizi halafu umtegemee akusikilize kwenye mengine? Tulipunguza kipimo tu na mafuta ya kupikia.

Kupungua tulikwenda nusu mpaka asilimia moja ya uzito kwa wiki. Kwa huyo ni gramu 400 hadi 800. Wiki aliyovuka hapo, baa ya benchi, ile ya kusukuma juu ya kifua umelala chali, ilituambia mapema kuliko mizani: uzito aliouzoea ukamshinda.

Hakupata medali. Ila kuna kitu nataka makocha wote wa huku wakijue: basi. Mashindano yalikuwa Dar. Unakaa mchana kutwa kwenye kiti, chakula chako kwenye kontena, abiria wa jirani anakula kuku, na miguu inavimba kwa kukaa. Alifika jioni, akapanda jukwaani kesho yake. Mtu wa Arusha au Moshi aende siku mbili tatu kabla, hiyo hela ya kulala ni sehemu ya maandalizi.

ChaliiWaUngaLtd
Mimi ni mteja wa namna hiyo, chalii wangu, tena ni fundi magari. Kocha wangu alikuwa hodari wa kupiga kelele, "moja tena! moja tena!", mpaka wiki za mwisho nikaona kelele hazinisaidii. Nilichohitaji ni mtu wa kunipiga picha kila wiki, sehemu ileile, taa ileile, saa ileile, kisha aniambie ukweli. Kioo cha jimu ni kiongo. Ukiwa na pampu, yaani misuli imejaa damu baada ya vyuma, na taa ya juu, kila mtu ni bingwa.

Na pozi! Watu wanadhani ni kujishebedua. Jaribu kubana tumbo, mapaja na mgongo kwa pamoja huku unatabasamu, ukae hivyo majaji wanapowalinganisha, uone kama hujatetemeka. Mwambie mhasibu afanye mazoezi ya pozi bila kioo, kule jukwaani hakuna kioo.

Lingine, kichwa kinakuwa kizito. Njaa ya wiki za mwisho haikai tumboni tu. Bosi aliniondoa kwenye breki akanipa kazi ya kuosha injini, na alikuwa sahihi. Mtu wa mahesabu ya watu, mh, achukue likizo.

DadaKocha_Soweto
Nafundisha wanawake, Moshi. Naongeza upande wetu kwa sababu kaka zangu hapo juu hawawezi kuuona. Mteja wangu alikuwa anajiandaa kwa kundi la bikini. Mambo yalikuwa yanaenda vizuri, picha nzuri, nguvu ipo. Namuuliza kuhusu hedhi, ananijibu kwa kunikwepa. Nikauliza tena, nikaambiwa imesimama muda, na yeye alifurahi kwa sababu ni usumbufu umepungua.

Hapana. Hedhi ikisimama kwa njaa ni mwili umefunga duka, na mifupa nayo inaanza kulipa. Nilimsindikiza kwa daktari mwanamke, tukasimamisha maandalizi, chakula kikarudi juu. Alinichukia. Alikuwa ameshalipia nguo ya jukwaani, na nguo hizo siyo bei ya mitumba ya soko la Memorial.

Huku nyumbani mama mkwe naye anapita kwa majirani akiuliza mke wa mwanangu anaumwa nini, mbona amekwisha hivi. Mnajua mtu akikonda ghafla huku kwetu anaanza kuzungumziwa nini. Hakuna kocha anayekuandaa kwa simu ya mama mkwe. Nilikwenda nikakaa naye, nikanywa chai, nikamweleza. Hakuelewa jukwaa, lakini alielewa kwamba kuna mtu mzima anamwangalia mkwe wake, akatulia.

Baadaye alishindana, akiwa na uzito mkubwa kidogo kuliko aliotaka. Tangu hapo mtu akiniambia anataka jukwaa, kabla hatujagusa chuma tunaandika pamoja mambo yatakayotufanya tusimame: hedhi, kuzirai, moyo kwenda mbio umekaa, kutolala. Anasaini akiwa ameshiba. Mtu mwenye njaa hawezi kujadiliana kwa haki.

BaunsaMstaafu
Mmezunguka mbuyu, ngoja niseme mimi mzee. Sindano. Mhasibu wako atafuatwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo na kijana mwenye kibegi, kama bado hajafuatwa. Atamwambia kila mtu anatumia.

Homoni za kuchoma zinafanya kazi, tusidanganyane, ndiyo maana zinauzika. Bei yake ni kwamba mwili unaacha kutengeneza za kwako, korodani zinasinyaa, mbegu zinapungua, mafuta mazuri ya damu yanashuka, na moyo, ambao nao ni msuli, unanenepa usipotakiwa. Sasa ongeza vidonge vya kukojoza maji wiki ya mwisho ili ngozi ishike. Vingi vya hivyo vinaondoka na potasiamu, na moyo bila potasiamu unapoteza mapigo. Mohammed Benaziza alikufa 1992 baada tu ya mashindano Uholanzi. Andreas Münzer wa Austria, 1996. Wale walikuwa watu wa juu kabisa wa mchezo huu.

Na kukausha maji kwenyewe mara nyingi ni ujinga. Misuli karibu robo tatu ni maji. Kila gramu ya wanga iliyohifadhiwa kwenye msuli inashika kama gramu tatu za maji. Ukimnyima mtu maji unamnyima na huo ujazo, anapanda jukwaani bapa, anashangaa.

Mimi wangu alipoanza sindano nilimrudishia hela ya mwezi, nikamwambia nitamsalimia barabarani lakini simfundishi. Wengine watasema ni bora ubaki naye umpeleke akapimwe damu. Labda. Mimi sikuweza.

DadaKocha_Soweto
Shikamoo mzee. Hapo mwisho sikubaliani na wewe. Ukimwachia, anabaki na mwenye kibegi tu.

BaunsaMstaafu
Marahaba mwanangu. Ndiyo maana nikasema labda.

MkeWaMshindani
Naruhusiwa? Mimi si kocha, mimi ndiye niliyekuwa nachemsha mayai. Mnaongelea kabla tu. Mume wangu alishindana, akarudi Arusha, wenzake wakampeleka Kwa Mrombo. Nyama, chipsi, soda, siku baada ya siku. Viatu vikakataa kuingia kwa miguu kuvimba. Uzito ukarudi kwa kasi, na yeye akawa anasimama bafuni anajitazama hasemi kitu. Kocha alikuwa hapigi simu tena. Kwake kazi ilikwisha siku ya jukwaa.

Ukimchukua huyo kijana, mkuu, mpango wa kurudi uandikwe kabla ya mpango wa kwenda. Na mkewe, kama yupo, aitwe kwenye kikao cha kwanza.

KochaSakina
Shemeji, nimekusoma. Hana mke ila anakaa na dada yake, nitamwita.

Jioni hii nimekaa naye. Nimemwambia vyuma na chakula nitashika mimi, pamoja na wiki za baada ya jukwaa. Pozi na wiki ya mwisho atashikwa na mtu aliyewahi kushindana. Ile karatasi ya dada wa Soweto tutaiandika Jumatatu, na nimemwambia wazi kuhusu sindano: akianza aniambie yeye mwenyewe, nisisikie kwa watu. Kununa alinuna, hasa kwenye habari ya likizo, anadai mwisho wa mwaka wa hesabu haugusiki. Kwa hiyo huenda tukasogeza mashindano mpaka mengine.

Mangi, yule kijana wako wa mlimani anafundisha pozi?

MangiVyuma
Anafundisha akiwa chini. Wiki hii yuko juu na wageni, anashuka Alhamisi. Mlete Jumamosi asubuhi, aje na kaptura yake ya mashindano siyo traki, maana mnyonge wa mapaja tutamjua tu. Na mkipita Usa River njiani msisimame kwa wauza mahindi.