Tupeane uzoefu: shamba unalolima leo, enzi za babu lilikuwa la nini?

MwanaKorogwe

Wakuu, heshima kwenu. Wiki iliyopita nilikuwa nyumbani Korogwe, napalilia mahindi pamoja na mama. Jembe likagonga chuma. Tulipofukua tukakuta kipande cha reli nyembamba, ile ya matoroli ya mkonge. Mwanangu wa miaka 11 akauliza treni ilipitaje katikati ya mahindi. Nikamjibu nilivyoweza, ila moyoni nilijua kwamba hata mimi habari hizi nazijua nusunusu, na wanaozijua sawasawa wanatutoka mmoja mmoja.

Ninachokijua ni hiki. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Miche iliyofika hai Pangani ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo, Tanga yote ikawa mkonge mpaka upeo wa macho, na mwaka 1964 nchi ikavuna takribani tani 230,000, hakuna aliyetufikia duniani. Babu yangu alikuja kama manamba, yaani kibarua wa mkataba, kutoka mbali akakata mkonge hadi mgongo ukapinda. Kisha kamba za plastiki zikaingia sokoni, bei ikaanguka. Mashamba mengi yakataifishwa baada ya Azimio la Arusha, na mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa kama tani 20,000. Shamba alilofanyia kazi babu lilikufa taratibu. Mishahara ilichelewa, korona (mashine ya kuchambua singa, yaani nyuzi za mkonge) ikazimwa, pori likaingia mpaka kwenye kambi za wafanyakazi. Baadaye wanakijiji tukagawiwa vipande, na mama akapata ekari mbili.

Naomba kila mmoja aeleze: kwenu ni wapi, palilimwa nini, sasa panalimwa nini, na nini kilibadilisha. Tuandike tuliyoyaona au tuliyosimuliwa na wazee wetu wenyewe.

Binti wa Kihamba

Asante kwa uzi huu kaka. Mimi ni wa Marangu. Kihamba chetu baba alirithi kwa babu: migomba juu, kahawa chini yake, ng'ombe ndani ya banda, mfongo, yaani mfereji wa maji, unapita pembeni. Kahawa ndiyo iliyomsomesha baba na shangazi zangu wote. Babu alikuwa akipeleka chamani, na KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa Kilimanjaro wa tangu 1933, aliitaja kama mtu anavyotaja ukoo wake.

Mwaka 1989 makubaliano ya dunia ya kugawana soko la kahawa yalivunjika na bei ikaporomoka. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka baba akiwa amekaa juu ya gunia, kimya. Dawa ya chulebuni, ugonjwa wa kahawa, ilikuwa ghali kuliko alichopata. Hakung'oa mibuni, alikuwa anaamini ni kosa kisheria, na pia aliona ni kumtusi baba yake. Aliacha tu kuipogoa. Ikarefuka, ikazeeka, nyanya na maharage vikaingia katikati. Tulipokuwa wakubwa kihamba kikagawanywa kwa kaka zangu 4. Leo ukisimama pale unaona nyumba 4 na migomba kidogo. Kahawa imebaki mistari miwili, karibu na makaburi.

Watu husema vijana wa Kilimanjaro wameitelekeza kahawa. Mimi naona ardhi ilikwisha kwanza. Nusu ekari ya mtu mwenye watoto watatu haiwezi kusubiri zao la mara moja kwa mwaka.

Mjukuu wa Dereva

Shikamooni wakubwa. Kongwa hapa. Babu yangu aliendesha trekta kwenye ule mpango wa karanga wa Waingereza. Walianza 1947 wakitaka ekari zaidi ya milioni 3 katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, wakateketeza kiasi cha pauni milioni 36, na Januari 1951 wakaufunga. Babu alisema wazee wa Kigogo waliwaangalia tu, maana walijua mvua ya pale haiaminiki na udongo ukikauka unakuwa kama saruji. Hakuna aliyewauliza.

Sehemu ikawa ranchi ya ng'ombe. Sisi jirani tunalima mahindi na alizeti, mazao tunauza soko la Kibaigwa. Karanga tunalima pia, kidogo, za kula nyumbani.

Mama Korosho

Newala. Wazazi wangu walikuwa na mikorosho yao, miti mikubwa. Operesheni Vijiji ilipofika tukahamishiwa kijijini, mikorosho ikabaki mbali, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Ukifika unakuta moto umepita au korosho zimeokotwa. Nchi ilikuwa imevuna tani kama 145,000 msimu wa 1973/74, na 1986/87 zikawa kama 17,000. Ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga, nao ulikausha maua. Sitasema kosa lilikuwa la kuhamishwa peke yake, ila mama yangu alilia mbele yangu kwa ajili ya miti ile, na sijasahau.

Tulirudi tukaifufua kwa salfa. Sasa kila mtu amepanda korosho, mpaka kwenye shamba la muhogo na mtama. Pesa inaonekana, lakini msimu ukiharibika tunanunua unga kila siku. Mama alikuwa na ghala. Mimi sina.

Mfugaji Mhamaji

Mimi sina shamba la kurithi, nina njia ya ng'ombe. Tulitoka Usukumani, tukakaa Usangu, na mwaka 2006 tukaondolewa Ihefu, eneo la kinamasi huko huko Usangu, ili mto Ruaha upate maji. Tukaja Lindi. Mkulima wa hapa ananiona nimevamia, nami namwelewa, maana Usangu pia tulikuta mpunga ukipanuka kila mwaka na mifereji ikimeza malisho. Mwanangu wa kwanza ameshaanza kulima ufuta.

Binti wa Kihamba

Mfugaji, pole sana. Huyo mwanao ukipata muda tueleze zaidi, ardhi aliipataje?

Mfugaji Mhamaji

Tuliomba serikali ya kijiji, mkutano ukakaa, tukapewa ekari 5 kwa maandishi. Mihtasari ninayo mpaka leo, naitunza kuliko vitu vyote.

MwanaKorogwe

Nimesoma kila neno. Jana nilimpeleka mwanangu kwa mzee mmoja wa pale kambini aliyefanya kazi kwenye korona tangu kijana. Nilimwonyesha ile reli. Akasimama shambani, akanyoosha fimbo: mkonge wa miaka minne ulianzia kwenye mwembe, singa zilianikwa kule kwenye mteremko. Nikamuuliza kwa nini kona moja ya shamba mahindi yana kijani kizito kila mwaka, hata bila mbolea. Akasema pale ndipo maji na makapi ya korona yalipomwagwa kwa zaidi ya miaka 30.

Mama amelima kona ile muda wote huu bila kujua. Mwanangu amechora ramani kwenye daftari lake, mzee akamtajia majina ya vitalu. Viwili kavisahau. Jumamosi tunarudi, amesema atamuuliza mwenzake wa Ngombezi.