Bunduki yangu ya .308 niliyoiunga mwenyewe inachagua risasi. Niilishe nini kabla ya Oktoba 10?

MtotoWaFizi (Boise, Idaho)

Wakuu, habari za jioni. Najua nikiandika "bunduki ya kujitengenezea" kuna watu watafikiria gobore. Si gobore. Babu yangu kule Fizi, Kongo, alikuwa nalo, lile la kushindilia baruti kwa mdomo wa mtutu, na halikuwa na makuu: vipande vya nondo, misumari iliyokatwa, vyote lilikula. Hii yangu ni bunduki ya bolti, yaani komeo unalovuta kwa mkono, .308 Winchester, nimeiunga kwa vipande vya kununua. Risiva, yaani kile chuma chenye namba ambacho kisheria ndicho bunduki yenyewe, ilipitia duka lenye leseni na fomu 4473, ile ya serikali ya mnunuzi wa bunduki, nikajaza. Mtutu wa inchi 22 niliuziwa na mtu aliyesema hakuutumia sana. Fundi aliufunga na kupima chemba, pale risasi inapokaa, mbele yangu kwa geji zake mbili: bolti ikafunga kwenye ya kwanza, ikagoma kwenye ya pili, ndivyo inavyotakiwa. Kitako nimekipiga msasa mwenyewe gereji, mke wangu anadai vumbi la mbao limefika hadi kwenye unga wa ugali.

Sasa tatizo. Babu angeniona angecheka, maana hii yangu inachagua chakula kama mtoto wa tajiri. Nimepiga yadi 100, nimelaza kitako kwenye mfuko wa mchanga, risasi tatu tatu:

Greni 178, ncha ya plastiki, mkia uliochongoka: matundu yametawanyika inchi 3 na robo. Nikarudia, inchi 2 na nusu.

Greni 180, shaba tupu isiyo na madini ya risasi ndani: karibu inchi 5. Tundu moja kwenye karatasi halikuwa duara, limevutika kidogo kama yai.

Greni 168, zile za mashindano: inchi 1 na robo. Safi kabisa, lakini mwenye duka ameniambia nisithubutu kumpigia mnyama.

Mpaka hapo dola kama 160 zimekwenda na sijapata risasi ya kwendea porini. Msimu wa kulungu unafungua Oktoba 10. Na nilitaka shaba hasa, kwa sababu nyama inaliwa na watoto wanne na sipendi vumbi la madini ya risasi kwenye mchuzi. Muuzaji wa mtutu aliniambia mifereji ya ndani ya mtutu ni 1:10, yaani inazunguka mara moja kila inchi 10, ndiyo maana nikaenda kwenye nzito. Nijaribu aina gani? Au kosa ni langu begani?

(Kulungu ninayemsema ni yule wa huku mwenye masikio marefu. Wenyeji wanamwita kwa jina la nyumbu. Si nyumbu wa Serengeti, ni nyumbu mtoto wa punda na farasi.)

Bolti_Houston

Mkuu, kabla hujaongeza hata senti, soma tena ulichoandika mwenyewe. Bega linalopiga inchi 1 na robo kwa greni 168 haliwezi kupiga inchi 5 dakika kumi baadaye. Skrubu za darubini zingekuwa zimelegea, hata 168 zingetawanyika. Kwa hiyo wewe na darubini mko sawa.

Tazama zilizoharibika ni zipi. Ni zile NDEFU. Watu wanasema "nzito", lakini mtutu haujui uzito, unajua urefu. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kwa hiyo greni 180 za shaba tupu lazima ziwe na kichwa, kile kinachoruka, kirefu kuliko greni 180 za kawaida. Kichwa kirefu kinataka kuzungushwa haraka zaidi ili kiruke kimenyooka. Kisipozungushwa vya kutosha kinayumba kama pia inayokaribia kuanguka, na tundu linatoka kama yai. Hilo tundu lako ndilo shahidi.

Mimi siamini hiyo 1:10. .308 nyingi zimetoka na mitutu ya 1:12, na 168 za mashindano zinaipenda sana 1:12.

Pima mwenyewe. Hakikisha haina risasi, toa bolti, tazama ndani ya chemba, weka kidole. Chukua fimbo ya kusafishia, ile ambayo mpini wake unazunguka wenyewe, valisha kitambaa kinachobana, sukuma hadi kibanwe na mifereji. Bandika kipande cha selotepu kwenye fimbo, kikae juu kama bendera. Weka alama kwa kalamu fimbo inapoingilia mtutu. Sukuma polepole, bendera itazunguka. Ikirudi juu, weka alama ya pili. Umbali wa alama mbili ndio mzunguko wako. Fanya mara tatu, kitambaa huwa kinateleza.

Mzee_wa_Nyayo (Arusha)

Mdogo wangu, mimi nilifanya kazi ya kufuata nyayo kwenye kambi za uwindaji miaka mingi, kwa hiyo hesabu za mifereji nawaachia nyinyi. Nitakueleza nilichokiona.

Mgeni akishuka kwenye ndege ndogo na bunduki yake ya thamani, hata chai hajanywa, anapelekwa kupiga boksi lenye alama. Wengine walikuwa wananuna: "Nimeilenga nyumbani." Ndiyo, umeilenga nyumbani, halafu ikapita viwanja vitatu vya ndege ikirushwa na wapakizi. Nimeona bunduki ya gharama kuliko Land Cruiser yetu ikipiga shibiri nzima kulia. Na aliyekuja na risasi za aina mbili kwenye mkoba mmoja huyo ndiye tuliyemwogopa, maana alilenga kwa hii akawinda na ile.

Kwa hiyo ukishapata inayokubali, chagua moja tu. Nunua boksi tatu nne za mkupuo mmoja, namba ya toleo iliyopigwa kwenye boksi ifanane. Sio leo boksi, mwezi ujao boksi.

Halafu acha kujisumbua na inchi moja na nusu inchi. Pale pa kufia pa mnyama wako, moyo na mapafu, pana upana wa sahani ya wali. Uganda kule Karamoja kulikuwa na Mzungu mmoja, Bell, aliua tembo zaidi ya elfu moja mwanzoni mwa karne iliyopita, wengi wao kwa .275, kitu kidogo kuliko .308 yako. Sikusifu idadi, inasikitisha. Nasema alijua mahali pa kuweka.

KaribuNakuru

Sisi huku uwindaji ulipigwa marufuku 1977, kwa hiyo nasoma tu kama mtu anayesoma menyu ya hoteli asiyoweza kuilipia. Swali la mshamba: greni ni nini?

Bolti_Houston

@KaribuNakuru ni kipimo kidogo cha zamani, greni 7,000 ni ratili moja. Kwa hiyo 150 ni kama gramu 10 hivi. Karibu mezani ndugu.

Ganda_Tupu (Minnesota)

Mimi ningesema aanze kutengeneza risasi zake mwenyewe, kujaza baruti kwenye maganda, ndiyo njia pekee ya kuifurahisha bunduki ya kuunga.

MtotoWaFizi

@Ganda_Tupu kaka, nina zamu za usiku ghalani, watoto wanne na wiki tano. Mwakani labda.

@Mzee_wa_Nyayo shikamoo mzee. Sahani ya wali nimeielewa, na leo nilipiga sahani hasa, zile za karatasi za sherehe.

Sasa habari yenyewe. Jumamosi nilipima kwa fimbo kama Bolti alivyoelekeza, mke wangu ameshika tochi. Mara ya kwanza inchi 11 na robo tatu. Ya pili 12. Ya tatu 12. Nikakaa kimya kidogo. Nilimpigia muuzaji, akasema na yeye aliambiwa 1:10 na aliyemuuzia. Sina ugomvi naye, mtutu ni mzuri, jina tu ndilo lilikuwa la uongo.

Nikaenda dukani nikachukua boksi mbili tu, zote greni 150: moja ya kawaida ya ncha laini, ile ya bei nafuu kuliko zote rafuni, nyingine shaba tupu. Safari hii nikapiga tano tano badala ya tatu, na nikiacha mtutu upoe hadi niweze kuushika bila kuunguzwa. Ilichukua asubuhi nzima. Jirani yangu wa meza, mzee mmoja mwenye kofia ya ng'ombe, alimaliza vikombe viwili vya kahawa akinisubiri nikosee.

Ncha laini: inchi 1 na nusu. Shaba: inchi 1 na kidogo, matundu matano naweza kuyafunika kwa kizibo cha chupa ya maji, moja tu limechungulia nje. Nilirudi kuzipiga tena shaba baada ya kusafisha mtutu. Risasi ya kwanza ikaenda juu inchi 1 na nusu, halafu nne zilizofuata zikarudi kundini. Hilo sikulijua. Kwa hiyo siku ya kuwinda nitakwenda na mtutu ambao tayari umepigwa mbili tatu, sio uliosuguliwa ukang'aa.

Yadi 200 inashuka kama inchi 4, na mimi porini nimejiwekea mpaka hapo hapo. Zaidi ya hapo namwacha apite na masikio yake.

Bolti_Houston

Hiyo ya mtutu msafi kaiandike kwenye kipande cha karatasi, ibandike ndani ya kasha la bunduki. Utasahau. Mimi nilisahau mwaka jana na nilimkosa nguruwe mwitu aliyesimama ananitazama. Na kanunue hizo boksi kesho, mzee amesema kweli kuhusu namba ya toleo.

MtotoWaFizi

Nimerudi kutoka dukani sasa hivi. Zilikuwa zimebaki tatu, mbili namba moja, ya tatu tofauti. Nimechukua mbili na ya tatu nimeiacha rafuni.

Nimebaki na greni 178, boksi moja na nusu. Kama kuna ndugu hapa Boise mwenye .308 ya 1:10, ya kweli, iliyopimwa kwa fimbo, tukutane uwanja wa shabaha Jumamosi.