Nimepigwa tochi kwenye 62: hizi kilomita 12 zimemwokoa nani?

Dereva wa Zamu: Wakuu, wiki hii nimepigwa tochi ya askari ya kupima mwendo, 62 penye kibao cha 50. Mchana kweupe, barabara tupu, breki nimebadilisha mwezi uliopita. Miaka 19 kwenye usukani sijagonga hata kuku. Faini nimelipa, sibishi. Swali langu: kwa kilomita 12 hizo, nani amepona? "Sheria ni sheria" sitaki, nimeshaisikia.

Mwalimu wa Fizikia: Mkuu, chukua kalamu. Mtoto anachomoka mita 28 mbele yako. Weka sekunde moja ya kushtuka, ndipo mguu ufike kwenye breki. Wa 50 anasimama, bampa karibu imguse mtoto. Wewe wa 62, kushtuka tu kumekula mita 17, na pale mwenzako aliposimama wewe bado unakwenda 40 na ushei. Hapo nimekupa lami kavu na breki zako mpya.

Sista wa Majeruhi: Mimi hesabu naziacha kwa mwalimu, najua wanaoletwa. Miaka 11 niko wodi ya majeruhi. Aliyepona kaka yangu humjui, na yeye mwenyewe hajijui. Alivuka akaenda zake. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo vya barabarani kuwa milioni 1.19 kwa mwaka, na kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 29 hakuna kinachoua zaidi ya ajali hizi. Wasiokufa ndio wagonjwa wangu. Aliyeumia kichwa analala wiki kwa wiki, damu inatafutwa, mama ameacha kazi akae naye, na wa upasuaji mwingine anaahirishiwa kwa kuwa kitanda hakuna. Halafu kofia yake ya pikipiki inaletwa nzima, haina hata mkwaruzo. Ilikuwa kwenye kiwiko! Hizo nimeziona nyingi mno.

Dereva wa Zamu: Nimekuelewa dada. Ila mbona askari wenye tochi wanajificha vichakani? Anayetaka nipunguze mwendo si asimame nimwone?

Mzee wa Takwimu: Hapo sikupingi. Vietnam walikuwa na sheria ya kofia tangu zamani, lakini ilibagua barabara na usimamizi ulikuwa legelege. Desemba 2007 ikawa kila mpanda pikipiki, kila barabara, faini nzito na askari wanaonekana. Uvaaji ukapita asilimia 90. (Kofia zenyewe nyingine zilikuwa makopo matupu, lakini hiyo ni mada nyingine.) Askari wa kichakani anakamata mmoja mmoja. Anayeonekana, au kamera yenye kibao, anapunguza mwendo wa msururu mzima.

Dereva wa Zamu: Leo nimepita palepale kwa 48. Wa nyuma yangu kanipigia honi mpaka kwenye taa. Breki zake sijui ni za lini.