Naomba ushauri: hoja ya sampuli mnaipimaje nguvu?

Wakuu, naomba msaada kwenye mantiki ya mwanzo. Hoja inayodai uhakika, kuipima hakuna shida: chukulia kauli za msingi ni kweli, kisha tafuta hali moja tu ambamo hitimisho ni uongo. "Mvua ikinyesha barabara hulowa, barabara imelowa, basi mvua imenyesha." Inawezekana limepita boza la maji tu, basi hoja imeanguka, hata kama mvua ilinyesha kweli.

Kazi iko kwenye hoja za uwezekano. Mfano: bambo (chuma chenye ncha cha kutolea sampuli ya nafaka ndani ya gunia) limechomwa kwenye magunia 10 kati ya 200 ya mahindi, yote yana unyevu chini ya asilimia 13.5, kwa hiyo shehena nzima ni kavu. Wengi hukimbilia kusema 10 ni machache. Naona kosa kubwa zaidi ni kuchoma ya juu tu, maana ya chini ndiyo hunyonya unyevu wa sakafu. Yakichaguliwa kwa kura toka kila safu, hoja inapata nguvu bila kuongeza gunia hata moja.

Sasa, mkisahihisha, uchache na upendeleo wa sampuli mnavikata alama mbali mbali au ni kosa moja? Na ikijulikana baadaye kwamba mahindi yametoka mashamba tofauti, hiyo ni hoja ileile iliyodhoofika, au hoja mpya?