Mama mkwe kaanguka, mume wangu yuko Kongo kwenye ulinzi wa amani. Nimwambie?

Muuza Dagaa, Igoma

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, na tafadhali msiniulize mume wangu yuko kikosi gani wala kambi gani.

Yuko mashariki ya Kongo, kavaa bereti ya bluu, huu ni mwezi wa saba tangu aondoke. Hupiga Jumatano na Jumapili saa tatu usiku, kwao bado saa mbili. Vita havitaji kabisa. Anasimulia matope. Magwanda yanakaa siku tatu hayajakauka. Mwenzake wa Tarime kajifanya kinyozi wa kombania, kamnyoa upande mmoja, mashine ikazima chaji. Wale wamama wa kule kisamvu wanaita sombe, siku ya kwanza mmoja akamwambia "Sombe, papa!" naye akamjibu, "Nisombe nini, mama?" Hiyo kanisimulia mara nne.

Akimaliza ananihoji mimi. Mwembe umezaa? Ukuta wa choo ulioangushwa na mvua umesimama? Baiskeli yangu anaendesha nani? Wiki za mbalamwezi dagaa hawavuliwi, sina cha kufuata sokoni Mwaloni, basi tunaongea mpaka bando linakata.

Sasa tatizo. Wiki tatu zilizopita mama yake alianguka huko Sengerema, alikuwa anaanua michembe ya viazi. Presha. Mkono wa kushoto na mguu havina nguvu, mdomo umekwenda upande. Kalazwa siku tisa, sasa yuko kwangu, namnywesha uji kwa kijiko. Shemeji mkubwa kaitisha kikao, kaamua mdogo wake asiambiwe mpaka arudi. "Mtu kashika bunduki humpelekei habari za mama." Baba mkwe alikuwepo, hakusema neno.

Kila akipiga anauliza, "Mama hajambo?" Nasema kalala. Jumapili iliyopita akakaa kimya kidogo, akasema, "Mbona mama siku hizi analala sana?" Na mama yuko nyuma yangu kwenye mkeka, anaisikia sauti ya mwanawe, anajaribu kuita jina lake, linatoka nusu. Nilikata simu, nikasingizia mtandao.

Nifanyeje?

Kijana wa Nansio

Pole dada. Mimi niko na shemeji yako. Desemba 2017 pale Semuliki, karibu na Beni, tulipoteza vijana wetu zaidi ya 10 kwa shambulio moja. Wale waasi wa ADF hawapigi hodi. Mtu akiwa lindoni anawaza mama yake, kijiti kikivunjika hatasikia. Mwache amalize muda wake arudi mzima.

Mama Askari

Kijana wa Nansio, umeoa? Samahani, nauliza tu.

Mume wangu alikwenda 2013, kipindi kile cha waasi wa M23. Baba yake akafa, tukakubaliana tumfiche. Kumbe mke wa askari mwenzake alimwambia mumewe kwenye simu, naye akaenda kumpa pole mume wangu kwenye foleni ya chakula, kashika sahani. Hivyo ndivyo alivyojua. Mpaka leo tukigombana, hata iwe ni chumvi kuzidi kwenye mboga, hilo linarudi.

Dada, usimwambie yeye kwanza. Nenda kikosini alikotokea, omba kuonana na mkubwa wake, mweleze. Wao watawasiliana na wa kule, ili siku ukimwambia awe na mtu karibu na asipangwe lindo usiku huo.

Mstaafu wa Magu

Shikamoo zenu nimezipokea ingawa hamjazitoa.

Mwisho wa Machi 1979 nilikuwa Uganda, vita vya Kagera, tumeshaipita Lukaya. Akaja mtu wa redio akasema ndege ya Gaddafi wa Libya, rafiki yake Amin, imepiga Mwanza. Basi, hakuna zaidi. Mke wangu yuko Kirumba na mtoto wa miezi saba. Nilikaa siku 16 hivyo. Chakula nakitazama tu, mpaka jirani yangu akawa anakuja na kijiko chake mapema. Usiku nilishawazika wote wawili, na kaburi nimelichagua.

Barua ilinikuta Kampala imeshaanguka. Ukurasa mzima ni jino la mtoto na deni la sukari dukani. Chini kabisa, pembeni, kaandika: "Ndege ilikuja, ikakosa. Wamekufa swala." Swala! Nilicheka mpaka sajenti akaniuliza nimekunywa nini.

Binti yangu, mumeo aliyesema "analala sana" ameshajua. Hajui tu kiasi. Na usimwambie "mama anaumwa" ukaishia hapo, maana atajazia mwenyewe. Mwambie mkono upi, anakula nini, kijiko anakishika nani.

Muuza Dagaa, Igoma

Shikamoo mzee wangu. Mama Askari, asante, Jumatatu nilikwenda kikosini, wakanisikiliza vizuri. Jioni nikamweleza baba mkwe peke yake. Akasema, "Mimi ningetaka kuambiwa."

Jana alipopiga sikusubiri aulize. Nikamwambia yote, na michembe, na siku tisa za wodini, na mdomo. Alikaa kimya, nikawa nasikia jenereta ya kwao tu. Halafu akauliza, "Mkono upi?"

Nikasema wa kushoto.

"Basi simu si anaweza kushika."

Nikampa. Mama akaita ile nusu ya jina, nikasikia anaitikia, "Naam, mayu." Wakaendelea hivyo hivyo mpaka bando likakata, sijui walikuwa wanaongea nini.

Shemeji bado hajui. Na humu huwa anaingia.

Kijana wa Nansio

Sijaoa.