Vigae vinang'oka kwenye pete zangu za fedha, na kalamu inateleza: masonara nisaidieni

BintiKarakana
Salaam wadau. Niko Mombasa, huu mwaka wa pili nafua fedha. Nilianzia Lamu kwa mjomba wake mama, zile pete za fedha zenye kigae cha sahani juu, mnazijua. Sasa nafanya za kwangu: nachora kwa mkono majani ya mkoko na maua ya asmini, katikati napachika kigae cha sahani iliyovunjika au kipande cha ubao wa jahazi lililokwisha.

Vigae vinang'oka. Mteja kanirudishia pete, kigae alikiokota kwenye karai la vyombo. Natia gundi ya epoksi kisha nabana ukingo, yaani ule ukuta mwembamba wa fedha unaokizunguka, na nikibana sana kinalia "tik", ufa huo. Ubao wa jahazi nao haushiki gundi kabisa. Halafu kalamu, hii ya chuma ya kuchongea nakshi: juzi nimebakiza mshipa mmoja wa jani, ikaruka mpaka pembeni, ikaacha mkwaruzo kama wa paka. Picha hiyo hapo. Fedha ni bangili za marehemu bibi nilizoyeyusha, nahesabu ni 925, yaani fedha sehemu 925 kwa elfu.

SonaraMstaafu
Bibie, sahani haijanyooka, kwa hiyo kigae chake nacho kimejipinda. Ukikilaza kinabembea, ukikibana unakivunja mgongo kama biskuti. Weka msasa wa maji juu ya kioo, usugue upande wa chini mpaka kikae kimya. Sugua na maji, tafadhali, vumbi lile likiingia kifuani halitoki. Kisha ndani ya ukingo lehemu waya mwembamba wa fedha uzunguke, uwe kidaraja cha kukalia kigae. Sisi zamani tulijaza unga wa mbao chini yake. Unafaa, ila ukinywa maji unavimba.

Kinachoshika ni ukingo, gundi msaidizi tu. Na ukingo ufanye kwa fedha safi isiyotiwa shaba, inalala kwa kusukumwa polepole.

Na hizo bangili za bibi, zilifuliwa kwa reale, zile sarafu za fedha za zamani?

BintiKarakana
Mama anasema ndiyo, reale zenye picha ya yule bibi mnene.

SonaraMstaafu
Basi hiyo si 925, mjukuu wangu. Reale ya Maria Theresa, ile iliyoandikwa 1780, ina fedha sehemu 833 kwa elfu, iliyobaki karibu yote ni shaba. Ni ngumu kuliko unavyodhani. Usiwaandikie wateja 925, utaitwa mwongo bure.

NakshiNaNcha
Hapo ndipo na kalamu inapoponyoka. Fedha hiyo ukishaigongagonga inakakamaa. Zima taa, ipashe moto mpaka ione wekundu hafifu, itumbukize majini, ndipo uchore. Ncha ijaribu juu ya ukucha wa kidole gumba: ikikwama ni kali, ikiteleza rudi kwenye kinoo. Ukiilaza kalamu mno itaruka tu hata iwe kali vipi. Na usisukume kwa bega. Mkono utulie, kazi uiweke juu ya mfuko wa ngozi wenye mchanga, uzungushe kazi yenyewe. Dole gumba la mkono wa pili ndilo breki. Jizoeze kwanza kwenye bati la shaba.

Jingine, usinichukie: jani la kwenye picha ni la mwembe. Jani la mkoko lina kisindano nchani, lishike uone. Bila hicho kisindano mtu wa pwani hadanganyiki.

BintiKarakana
😂 Nimechora kutoka kichwani, nakiri. Ila swali: mimi nachora kigae kikiwa kimeshakaa.

SonaraMstaafu
Ee! Lehemu, chemsha kwenye shabu au ukwaju weusi wa moto utoke, chora, ng'arisha. Kigae kiingie mwisho kabisa, moto wote umeshazimwa.

Mwanamji_Amu
Mimi niongelee ubao. Jahazi limepakwa mafuta ya sifa miaka na miaka, ini la papa hilo, epoksi itashika wapi? Loweka kwenye maji baridi siku kadhaa chumvi itoke, anika kivulini hata wiki tatu, juani utapasuka. Kabla ya gundi futa na asetoni mpaka kitambaa kitoke cheupe, kisha upigilie pini ya fedha ipite mpaka nyuma. Ukipata kipande chenye tundu la msumari na ile duara ya kutu, usikisawazishe. Mimi ndicho ningenunua.

Mchimbuzi254
Vigae unatoa wapi? Kama ni magofuni, Gede, Takwa au Shanga, acha. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inalinda vitu vya kale. Sahani zilizovunjika majumbani zinatosha.

BintiKarakana
Ni za majirani, harusi moja tu napata ndoo nzima.

NakshiNaNcha
Ule mkwaruzo usiufute. Mkoko una mizizi inayoshuka kutoka kwenye shina kama miguu ya kaa. Uchimbe kidogo uwe mzizi, ongeza miwili pembeni.

BintiKarakana
Leo nimerudi. Kigae nimekisugua, nimekitia kwenye ukingo, nimekitikisa karibu na sikio: kimya. Mizizi imetoka minne, wa nne ni kalamu imeteleza tena. Jani lina kisindano. Ubao bado umeanikwa juu ya kabati. Mwenye kujua asetoni ya bei nafuu Mombasa anielekeze, hizi chupa ndogo za kuondolea rangi ya kucha zinanimaliza.